Mchwa kwa Vifaranga, Yai kwa Mtoto

Tumekwisha kuzungumzia unyafuzi, ule ugonjwa wa mtoto kuvimba miguu na nywele kubadilika rangi. Akina mama hutujibu kwamba nyama ni ghali. Tunakubali. Lakini nyumba nyingi zina kuku, ila vifaranga hudumaa na kufa kabla ya kufikia kutaga.

Kifaranga, kama mtoto, hukua kwa protini, na pumba peke yake haimtoshi. Akienda kujitafutia wadudu, mwewe naye yupo. Basi tumletee mchwa nyumbani.

Chukua chungu kikuukuu. Kijaze mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, majani makavu na mavi makavu ya ng'ombe, kisha nyunyiza maji hadi vilowe bila kuchuruzika. Jioni, tafuta njia ya mchwa au pembeni mwa kichuguu, kwangua udongo kidogo, ukifunike chungu hapo kifudifudi. Juu yake weka gunia lililoloweshwa, maana mchwa hawapendi joto wala ukavu. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, kifunue ukikung'ute mbele ya vifaranga. Usipopata kitu, nyunyiza tena, subiri siku mbili tatu. Chungu kikae mbali na nyumba, kwani mchwa hawatofautishi bua na boriti! Wala usitege mahali palipopuliziwa dawa ya wadudu.

Mchwa hawazuii mdondo. Chanjo ya matone ya macho irudiwe kila miezi mitatu.

Sasa mayai. Hapa ndipo tunapogombana na baadhi yenu: yote hupelekwa sokoni, na fedha hurudi nyumbani kama soda. Mama mjamzito naye hunyimwa, eti mtoto atazaliwa hana nywele. Si kweli hata kidogo. Yai moja lina protini gramu 6 hivi, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unasema mtoto wa miezi 6 hadi 23 ale kila siku chakula kitokanacho na wanyama, mayai yakiwemo.

Kwa hiyo, kabla ya kujaza trei ya sokoni, toa la mtoto. Lichemshe mpaka kiini kigande, liponde, ulichanganye na uji wake. Aliyeshika kuku anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumlisha.