Chema Chajiuza, Piza Mbichi Yajitembeza

Mtu apitaye katika njia za Malindi zielekeazo ufuoni haendi mbali bila ya kukuta ubao ulioandikwa Kitaliano. Vijana wengi wa mji huo huisema lugha hiyo bila ya kufunzwa shuleni. Jambo hili lina asili yake. Katika miaka ya 1960 Waitaliano walijenga kituo cha kurushia setilaiti baharini, huko Ngomeni, kaskazini ya Malindi, na setilaiti ya kwanza ikarushwa hapo mwezi wa Aprili, 1967. Walikuja mafundi, wakafuatwa na watalii, watalii wakafuatwa na mahoteli, na mahoteli yakafuatwa na piza.

Piza basi si kitu kigeni tena kwetu. Baba humchukua mkewe na wanawe Idi pili, au siku mtoto alipofaulu mtihani, akatoa fedha ambazo zingepika sinia la biriani, ili na watoto waonje. Suala letu ni hili: je, kinacholetwa mezani ni sawa na fedha ile?

Kwanza tujue piza ni nini. Asili yake ni Napoli, mji wa bandari kusini mwa Italia, na kwa muda mrefu ilikuwa chakula cha maskini, kikiuzwa njiani kipande kipande. Vitu vyake ni vichache: unga wa ngano, maji, chumvi na hamira; juu yake nyanya, jibini, mafuta ya zeituni na majani ya mrihani, huu huu ambao mama zetu huutia katika vikuba. Maadamu vitu ni vichache, hakuna pa kufichia aibu. Mwaka wa 2010 Umoja wa Ulaya uliandika kanuni za piza ya Kinapoli: tanuri la kuni liwe na joto la digrii 485 za Selsiasi, na mkate ukae humo sekunde 60 hadi 90 tu. Na mwaka wa 2017 UNESCO iliutia ufundi wa wapishi hao katika orodha ya urithi wa wanadamu.

Aliyekulia penye mkate wa mofa hahitaji kufasiriwa haya. Anajua kwamba mkate hufuata moto, moto haufuati mkate.

Sasa natuje kwenye meza. Mwandishi wa makala haya amekwenda mara 3 katika hoteli moja ya piza mjini humo, ambayo jina lake tunalisitiri. Mara ya kwanza piza ilikuja ukingo umeungua na kati ni mbichi. Ukiinua kipande chalegea kama kitambaa kilichotota, na maji ya nyanya yakutiririka hadi kiganjani. Nyanya yenyewe ilikuwa na utamu wa sukari, ule wa kwenye chupa.

Mara ya pili jibini ilikuwa kama mpira, na kamba waliotiwa juu yake walinuka barafu ya siku nyingi, hali bahari haiko mbali na mlango! Tambi nazo zilipikwa hata zikawa uji, ilhali Mtaliano mwenyewe husifu tambi yenye ukakamavu kidogo jinoni.

Mara ya tatu tuliuliza kabla ya kula. Katika orodha ya vyakula mlikuwamo paja la nguruwe na soseji zake. Tukamwuliza mhudumu, kijana mwenye adabu, kama kisu na ubao wa kukatia ni hizo hizo kwa piza zote.

"Mzee wangu, usiwe na wasiwasi," akajibu. "Tutaiondoa ile nyama ya juu, na mkate utakuwa halali."

"Mwanangu," nikamwambia, "nguruwe si nzi, useme ukimtoa chakula kimesalia."

Akaenda jikoni kuuliza. Aliporudi alisema, "Mpishi asema wateja wengine hawaulizi." Tukalipia maji tuliyokunywa, tukaenda zetu.

Wako watakaosema huku ni kutafuta uzito. Sivyo. Katika madhehebu yetu ya Shafi, chombo kilichopata majimaji ya nguruwe huoshwa mara 7, na moja katika hizo ni kwa udongo. Tena piza za zamani za Napoli zilitiwa mafuta ya nguruwe, na wako wapishi wayatumiao hata leo. Jibini nyingi za Kitaliano nazo hugandishwa kwa kitu kitokacho tumboni mwa ndama, na wanazuoni wana maneno yao juu ya ndama asiyechinjwa kisharia. Mwenye kuuliza ana haki ya kujibiwa.

Huenda mwenye hoteli akajitetea kwamba piza haifai nje ya kwao. Hoja hii ni kongwe. Mwaka wa 1884 Matilde Serao, mwandishi wa magazeti wa Napoli, alisimulia katika kitabu chake habari za mtu aliyeuhamisha ufundi huo hadi Roma. Mwanzo Wanapoli waliokaa huko walimiminika. Kisha wakapungua, piza ikaonekana si ile, na mwisho biashara ikafa. Lakini Malindi pana kuni, pana nyanya, pana samaki wa leo. Kinachokosekana katika hoteli ile si Napoli, ni kujali.

Mtazameni muuza mkate wa mayai wa Mombasa, au wale wa Forodhani, Unguja, ambao mkate wao wageni huuita piza ya Zanzibar. Hupasua yai mbele yako, nyama unaiona, na kikaango unakiona. Akikosea, aibu yake iko hadharani. Mpishi aliye nyuma ya ukuta hana jicho la mnunuzi juu yake. Huyo ana amana tu, nayo ni kufanya kazi kana kwamba anaonekana, kwani kwa hakika yuko Amwonaye.

Na sisi walaji tuna sehemu yetu. Aghalabu hula tukanyamaza, tukalipa, kisha tukanung'unika njiani. Piza mbichi irudishwe jikoni kwa maneno mazuri, na swali la halali liulizwe kabla ya kijiko kuguswa. Wakiuliza watu 10 kwa siku, mpishi hatapata tena la kusema kuhusu wasiouliza.

Mlangoni pa hoteli ile husimama vijana 2 kutwa nzima, wakiwaita wapita njia waingie. Wahenga wetu walikwishamaliza: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.