Abiria wa keria na ukingo wa lami

Keria ya daladala ya Shinyanga, ile ya baiskeli, ni kazi ya fundi hasa. Chuma cha kiwandani huongezewa nondo za kuchomelea ili kibebe mtu mzima. Juu hulazwa kigodoro cha sponji kilichovikwa plastiki ya rangi. Pembeni mwa ekseli ya nyuma hufungwa vikanyagio, miguu ya abiria isije ikaingia kwenye spoku. Hata mama anayeketi upande kwa sababu ya kitenge amewekewa pa kukanyaga. Fundi wa kuchomelea amemfikiria abiria huyu mpaka kisigino. Mchoraji wa barabara, kwa mitaa mingi ya ukanda huu, hajamfikiria hata kidogo.

Ukitaka kuujua ubaya wa mtaa, msikilize mwendesha daladala, maana yeye huusoma kuanzia pembeni. Malalamiko yake makubwa ni kile kidaraja kati ya lami na changarawe, ambacho mvua hukichimba kila mwaka. Ukibeba abiria nyuma, gurudumu la mbele huwa jepesi. Lori likipiga honi ukateremka ghafla, usukani unayumba. Ukitaka kupanda tena kwa mshazari, tairi linateleza kwenye ukingo na mnaanguka wote wawili, pengine upande wa lori. Kwa hiyo hukaa ndani ya lami, na wenye magari humwita mkaidi. Mimi namwona mtu aliyepiga hesabu zake sawasawa.

Wapo watakaosema baiskeli imepitwa na wakati: bodaboda na bajaji zimeshachukua abiria. Ni kweli zimechukua wengi. Lakini mwanafunzi, muuza maziwa na mbeba mkaa bado wanakanyaga pedali, na bodaboda yenyewe hukimbilia ukingo uleule lori linapokuja. Wengine watasema Kahama na Geita ni miji ya dhahabu, malori hayawezi kutambaa. Hoja hiyo yenyewe inadai njia ya pembeni, kwani dereva wa lori ndiye wa kwanza kunufaika baiskeli ikiondoka mbele yake. Pale lori na baiskeli visipoweza kutenganishwa, mwendo upungue: sheria yetu inaruhusu kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, ilhali Shirika la Afya Duniani linapendekeza 30 watu na magari wanapochanganyika. Wala njia kama hizo si ndoto za Ulaya. Miaka ya 1990 Temeke na Morogoro zilifanyiwa majaribio ya njia za baiskeli na vivuko vilivyoinuliwa. Na daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa 2025 kwenye njia ya Mwanza kwenda Geita, limewekewa njia za waenda kwa miguu. Kwa nini mtaa wa sokoni ushindwe?

Pingamizi linalonisumbua ni jingine. Tengeneza njia nzuri ya pembeni leo, na kesho imejaa meza za machinga, majiko ya mama ntilie na bodaboda zinazosubiri wateja. Nao wanatafuta riziki. Kuwafukuza kwa mgambo hakujawahi kudumu. Na wenye mamlaka ni wengi: barabara kuu ni ya wakala wa barabara TANROADS, mitaa ni ya wakala wa barabara za mijini na vijijini TARURA tangu 2017, machinga ni wa halmashauri, na ushuru wa huduma wa migodi unaingia kwenye kapu la halmashauri hiyohiyo. Ukingo, je, ni wa nani, na nani ataulipia?