Je, Wajua? Mashujaa, Wajane Wao na Walinzi wa Vyombo

Je, wajua kwamba mgao wa aliyekwenda vitani na wa aliyebaki uliwekwa sawa tangu enzi za Daudi? Waamaleki walikuwa wameuchoma mji wa Siklagi na kuwateka wanawake na watoto. Daudi akawafuatia na watu 600, lakini kwenye kijito cha Besori 200 walikuwa hoi, wakabaki na vyombo. Waliporudi washindi, wakorofi miongoni mwao walikataa kugawana nyara na wale 200. Daudi akakata shauri: mafungu yawe sawa, na hilo likawa agizo katika Israeli (1 Samweli 30). Anayeuliza mama au mke wa askari anahusikaje na heshima ya mashujaa, aanzie hapo.

Je, wajua kwamba Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zote zimebeba kumbukumbu ya wapagazi wa jeshi la Uingereza wa Vita Kuu ya Kwanza? Walitwishwa risasi, unga na majeruhi katika njia ambazo magari hayakupita na wanyama walikufa kwa mbung'o. Wapagazi wapatao 95,000 wa upande wa Uingereza wanatajwa kuwa walikufa, wengi zaidi kwa kuhara damu, malaria na njaa kuliko kwa risasi.

Je, wajua kwamba askofu aliongoza kikosi cha wapagazi? Frank Weston, askofu wa Kianglikana wa Zanzibar, aliunda kikosi cha wapagazi wa visiwani akatembea nao mwenyewe bara. Baada ya vita hakunyamaza: alipinga waziwazi kazi za kulazimishwa katika makoloni ya nchi yake mwenyewe. Huyu namheshimu sana. Alijua kwamba huwezi kumwombea mpagazi Jumapili na kukubali atumikishwe kwa nguvu Jumatatu.

Je, wajua kwamba ilichukua zaidi ya miaka 100 kwa waliosahauliwa kama hao kuombwa radhi? Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri na kuomba radhi kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita hivyo, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na huenda hawakukumbukwa kabisa. Januari 2025 ukafunguliwa mnara Cape Town wenye majina zaidi ya 1,700 ya Waafrika Kusini weusi waliokufa wakihudumu bila kupewa bunduki.

Je, wajua kwamba tarehe 11 Novemba, siku bunduki ziliponyamaza Ulaya mwaka 1918, ni sikukuu ya Mtakatifu Martino wa Tours, askari aliyekata joho lake na kumpa maskini nusu? Huku kwetu vita viliendelea. Wajerumani na askari wao Waafrika waliweka silaha chini tarehe 25 Novemba, Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia.

Je, wajua kuhusu meli Khedive Ismail? Iling'oa nanga Mombasa Februari 1944, katika Vita Kuu ya Pili, ikielekea Colombo, na ndani yake walikuwemo wapiga mizinga wa Afrika Mashariki pamoja na wauguzi. Tarehe 12 nyambizi ya Kijapani iliipiga karibu na Maldivi, ikazama kwa muda wa kama dakika mbili. Walikufa watu wapatao 1,300. Familia za wapiga mizinga hao hazikupata kaburi la kulilia, ila majina kwenye ukuta katika makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong.

Je, wajua yatima wa vita aliyekula mezani pa mfalme? Mefiboshethi alikuwa na miaka mitano habari za kifo cha baba yake, Yonathani, zilipofika nyumbani. Yaya alimnyakua akakimbia, mtoto akaanguka, akawa kilema wa miguu yote miwili. Ni jeraha la vita kwa mtoto ambaye hakuwahi kuuona uwanja wa vita. Miaka ikapita. Daudi hakungoja aombwe. Ndiye aliyeuliza kama amebaki mtu wa nyumba ya Sauli amtendee wema kwa ajili ya Yonathani. Na wema huo haukuishia kwenye pole: alimrudishia mashamba ya Sauli, babu yake, akamwekea watu wa kuyalima, akamketisha mezani pake daima (2 Samweli 9).

Daudi huyohuyo, askari wake Uria akiwa mstari wa mbele, alimchukua mkewe, Bathsheba, kisha akapanga Uria auawe. Nabii Nathani alimkemea uso kwa uso. Je, wajua Mathayo alifanya nini? Katika ukoo wa Yesu hakumtaja Bathsheba kwa jina. Aliandika kuwa ni mke wa Uria. Askari aliyedhulumiwa akapewa nafasi katika ukurasa wa kwanza wa Agano Jipya.

Je, wajua kwamba Torati ilimpa bwana harusi mwaka mzima bila kuitwa vitani, akae amfurahishe mkewe?

Je, wajua kwamba Julai 25, Siku ya Mashujaa Tanzania, kwa kawaida Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi sime, kisha viongozi wa dini, Waislamu na Wakristo, huomba? Kaboya, wilayani Muleba, wamelala askari wengi waliokufa katika Vita vya Kagera vya 1978 na 1979.

Je, wajua kwamba mjane wa askari, kama mjane mwingine yeyote, anaweza kukwama kwenye karatasi? Msimamizi wa mirathi huthibitishwa na mahakama, na kwa kawaida hutakiwa kupeleka cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo. Huko kwenye ukoo ndiko wengi hunyang'anywa. Usharika wenye mwanasheria hata mmoja umwombe akae na wajane mara moja kwa mwezi baada ya ibada, na mzee wa kanisa amsindikize mjane kwenye kikao, kisha mahakamani.