Ada ya Dalali Unapouza Nyumba: Haki za Kila Upande na Mipaka ya Polisi

Nyumba huuzwa kwa siku moja, lakini ugomvi juu ya ada ya dalali huweza kudumu miaka. Ndugu waliokuwa wakila sahani moja huacha kusalimiana, majirani hugawanyika, na mara nyingine mtu hujeruhiwa. Kwa kuwa wengi hukimbilia kwanza kituo cha polisi, tumeona ni wajibu wetu kueleza katika toleo hili nini kifanyike kabla ya mauzo, nani hudai nini kwa haki, na ni wakati gani polisi wanaweza kuingilia.

Tuchukue mfano. Mwalimu mstaafu wa Kira, katika Wilaya ya Wakiso, anataka kuuza nyumba yake ili amtibu mkewe na kurudi kijijini. Anampigia dalali simu na kumwambia, "Nitafutie mnunuzi, nitakukumbuka." Mnunuzi anapatikana kwa shilingi milioni 180. Mwalimu alikuwa na asilimia 5 moyoni, yaani milioni 9. Dalali anadai asilimia 10, yaani milioni 18. Kabla hawajaelewana, anatokea dalali wa pili anayesema kwamba ndiye aliyemjua mnunuzi kwanza. Naye kiongozi wa mtaa anataka fungu lake kabla ya kutia mhuri. Siku ya tatu dalali wa kwanza anafika kituoni na kutuomba tumkamate mwalimu.

Neno "nitakukumbuka" ndilo lililozaa yote hayo. Mmoja alilisikia kama ahadi ya asilimia 10, mwingine alilisema kama ahadi ya shukrani.

Sheria inasema nini kuhusu kiasi cha ada

Nchini Uganda hakuna sheria inayoweka asilimia moja ya ada kwa kila dalali. Kiasi ni kile ambacho pande mbili zimepatana. Wapo madalali walio wanachama wa chama cha mawakala wa mali zisizohamishika, AREA Uganda, na wapo wengi zaidi wanaofanya kazi hiyo kwa simu na pikipiki tu. Wote hao, mkataba ndio msingi wa dai lao.

Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010 inataka mkataba wenye thamani inayozidi pointi 25 za sarafu, yaani shilingi 500,000, uwe wa maandishi. Ada ya kuuza nyumba karibu kila mara huzidi kiasi hicho. Sheria hiyo hiyo inautambua ujumbe wa kielektroniki kuwa maandishi, ikiwa unaweza kuhifadhiwa na kusomwa tena baadaye. Kwa hiyo usifute ujumbe wa simu mlioandikiana. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari.

Kuhusu mwenyekiti wa LC1, hakuna sheria inayompa asilimia 10 ya bei ya nyumba ya mtu. Kushuhudia mauziano ni huduma kwa wakazi. Anayedaiwa fungu la namna hiyo aombe aonyeshwe sheria, na akipewa vitisho aje kwetu.

Dalali hustahili ada lini

Palipo na mkataba ulio wazi, maneno yake ndiyo yanayotawala. Pasipo maneno wazi, mahakama zinazofuata sheria ya Kiingereza, iliyopokelewa Uganda mwaka 1902, huuliza swali moja: je, kazi ya dalali huyu ndiyo iliyoleta mauzo? Kumtaja mnunuzi katika mazungumzo hakutoshi. Wala mwenye nyumba hawezi kusubiri dalali amlete mnunuzi, kisha akamfukuza dalali na kuuza kwa mnunuzi yule yule kwa mlango wa nyuma. Huko ni kula jasho la mwenzako.

Je, mauzo yakivunjika? Mwaka 1941 Baraza la Malodi la Uingereza lilimkatalia wakala aliyeahidiwa pauni 10,000 baada ya kuuzwa majumba ya sinema, kwa sababu wenyewe walighairi na mauzo hayakukamilika. Funzo lake ni hili: dalali anayekubali kulipwa "mauzo yakikamilika" amebeba hatari ya kutokamilika. Asiyetaka hatari hiyo aandike mapema malipo ya usafiri na matangazo.

Jambo hili linamgusa mwalimu wetu. Sheria ya Ardhi inataka idhini ya mume au mke kabla ya kuuza ardhi ya familia wanamokaa. Mke akikataa, mauzo yanaweza kukwama. Dalali mwangalifu humwona mke siku ya kwanza, si siku ya kuhesabu fedha.

Polisi wanaweza nini, na hawawezi nini

Deni la ada ni shauri la madai. Polisi si wakusanya madeni. Hatutamtia mtu mahabusu ili alipe asilimia 10, na ofisa anayefanya hivyo anavunja utaratibu. Mtu aliyekamatwa kwa kosa la jinai lazima afikishwe mahakamani ndani ya saa 48, kwa mujibu wa Katiba, na dhamana ya polisi hutolewa bure. Usimpe mtu yeyote fedha kwa ajili yake.

Lakini yapo mambo yanayovuka mpaka na kuwa jinai. Dalali aliyepokea fedha za mnunuzi kwa niaba ya mwenye nyumba akazifanya zake ametenda wizi wa wakala. Aliyemwonyesha mtu nyumba isiyouzwa akachukua fedha, amejipatia mali kwa udanganyifu, kosa ambalo adhabu yake hufikia kifungo cha miaka mitano. Kughushi hati au sahihi, kutishia kumwua mtu, kumpiga, au kuvamia nyumba yake kwa kisingizio cha kudai ada, yote hayo tutayachunguza. Kudai haki hakumpi mtu ruhusa ya kutenda kosa.

Wako pia madalali wanaokimbilia kuweka zuio, yaani kaviti, kwenye hati ya nyumba ili kumbana muuzaji. Zuio ni la mtu mwenye maslahi katika ardhi yenyewe. Ada ni deni tu. Anayeweka zuio bila sababu ya haki anaweza kuamriwa na mahakama kumlipa fidia aliyemdhuru.

Mahali pa kupeleka dai

Kwanza, pande zote mbili zikae chini mbele ya mtu wanayemheshimu, na makubaliano yaandikwe. Ikishindikana, dai lisilozidi shilingi milioni 10 linaweza kupelekwa katika utaratibu wa madai madogo, ulioanzishwa kwa kanuni za mwaka 2011. Mdai huanza kwa kumwandikia mdaiwa barua na kumpa siku 14. Huko mawakili hawasimami kwa niaba ya mtu, na shauri husikilizwa kwa haraka. Dai la milioni 9 la mwalimu wetu lingefaa hapo. Dai la milioni 18 litakwenda kwa hakimu wa daraja la kwanza, ambaye husikiliza madai yasiyozidi milioni 20. Yanayozidi hapo hadi milioni 50 ni ya hakimu mkuu.

Ukurasa mmoja unaozuia ugomvi

Kabla ya kumwonyesha mtu yeyote nyumba yako, andika na dalali wako mambo haya: majina kamili na namba za vitambulisho vya taifa, nyumba na namba ya hati, bei ya chini unayokubali, ada kwa asilimia au kwa kiasi, nani atailipa na siku gani, kama dalali ni mmoja au wengi, na wakiwa wengi watagawanaje, kitakachofanyika mauzo yakivunjika, na tarehe ya mwisho ya makubaliano. Tieni sahihi mbele ya shahidi, kila mmoja abaki na nakala. Usimkabidhi dalali hati halisi, nakala yamtosha. Fedha za mnunuzi zipite benki, kwenye akaunti ya muuzaji.

Nao madalali tunawaambia hivi: kazi yenu ni halali na ina jasho lake. Karatasi hiyo inawalinda ninyi kuliko mtu mwingine yeyote, kwa maana muuzaji akishapokea fedha zake, ninyi ndio mnaobaki mkono mtupu.

Mwalimu wa mfano wetu hakuhitaji polisi. Alihitaji ukurasa mmoja na dakika ishirini, siku ile alipopiga simu. Ndugu wananchi, mwenye shaka na aulize katika ofisi ya ushirikiano na jamii ya kituo kilicho karibu naye. Kuuliza ni bure, na ni nafuu kuliko kugombana.