Wafuasi Elfu Kumi Hawanunui Kitanda

"Wafuasi elfu kumi ni pesa ngapi?" Kila ajulikanaye Likoni au Kisauni, Mombasa, kwa kuelewa matangazo ya mtandaoni keshaulizwa hivyo hadi masikio yakachoka. Biashara imelala, bango na spika ya kukodi vimekatwa, na shilingi elfu chache zilizosalia zinapelekwa Facebook, Instagram na TikTok. Kuhamia huko hakuna ubaya. Ubaya ni kununua wafuasi.

Fungua orodha ya wafuasi hao uwatazame. Picha ya uso hakuna, jina limefuatwa na tarakimu, na akaunti yenyewe inafuata maelfu ya wengine bila kuandika neno. Seremala wa Mtongwe atamuuzia kitanda nani hapo? Isitoshe, mitandao hupima posti kwa jinsi watu wanavyoipokea. Posti ikipita mbele ya umati bubu, programu inaiona haina mvuto, na jirani ambaye angenunua kweli haioni kamwe. Mwenye duka amelipa pesa ili afichwe.

Tena mali yenyewe haidumu. Kati ya Oktoba na Desemba 2020 peke yake, Facebook ilizima akaunti bandia bilioni 1.3. Mwaka 2019, kampuni ya Devumi, iliyokuwa ikiuza wafuasi wa namna hiyo, ilibanwa na FTC, tume ya Marekani inayolinda wanunuzi, na kesi ikaishia kwenye mapatano ya dola milioni 2.5. Mali hiyo hiyo bado inachuuzwa mitaani, malipo kwa M-Pesa, risiti hakuna.

"Lakini namba kubwa inaleta imani!" Inaleta kwa nani? Mnunuzi wa Kongowea si mtoto. Anaona wafuasi elfu kumi, laiki nne, na chini yake mtu aliyeuliza bei akajibiwa "inbox". Anaondoka.

Yanayofaa ni haya, wala si siri. Lipia tangazo lenyewe, na uchague eneo. Aliye Likoni awe macho: duara la kilomita tano kwenye ramani linavuka maji bila kungoja feri, likamlipisha kwa watu wa kisiwani ambao hawatavuka kwa ajili ya kilo ya misumari; basi akiondoe kisiwa. Andika bei. Weka kitufe cha WhatsApp, na awepo mtu wa kujibu. Muulize kila mteja tangazo aliliona wapi. Likikaa wiki bila simu hata moja, lisimamishe, ubadilishe picha au bei kabla ya kuongeza pesa. Na picha ya mteja isipachikwe bila ridhaa yake: mwaka 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kosa hilo.