Kabla ya Kuilaumu Tezi Dume, Pima Mkojo

Wanaume wawili wamekaa benchi moja kliniki. Wote wamepita miaka 65, na wote watamweleza daktari shida moja: wanaamka mara nne usiku kwenda haja ndogo. Wa kwanza kila akiamka hutoa mililita 80 hivi, tena kwa kusukuma. Wa pili hutoa mililita 400 bila taabu, kisha hurudi kulala. Mtaani wote wangeambiwa ni tezi dume. Lakini huyu wa pili, huenda tezi yake haina kosa lolote. Figo zake ndizo zinazotengeneza mkojo mwingi usiku.

Tezi dume imeuzunguka mrija wa mkojo chini ya kibofu kama pete kidoleni. Kwa kijana ina uzito wa gramu 20 hivi, na hukua kadiri umri unavyosonga. Ukiwachunguza wanaume wa miaka ya hamsini kwa hadubini, karibu nusu wana ukuaji huo, ambao si saratani. Hata hivyo, ukubwa wa tezi hauendi sambamba na mateso. Yupo mwenye tezi kubwa anayekojoa vizuri, na yupo mwenye tezi ndogo aliyezibwa kabisa.

Tena, tezi si mshukiwa pekee. Kisonono cha zamani au mpira wa mkojo uliowekwa vibaya huacha kovu linalobana mrija, na hilo huwapata hata vijana. Kisukari huongeza mkojo. Kiharusi huvuruga mawasiliano ya ubongo na kibofu. Unguja, Pemba na pwani ya Kenya kuna kichocho, ambacho hukwaruza kibofu na kuleta damu. Hata baadhi ya dawa za mafua zinazouzwa dukani zinaweza kumfungia mkojo mzee ambaye tayari alikuwa anakojoa kwa shida.

Ndiyo maana kipimo ninachokithamini kuliko vingi ni cha bei ya daftari. Tafuta jagi la plastiki lenye alama za mililita. Kwa siku tatu, usiku na mchana, andika saa uliyokojoa, kiasi kilichotoka na ulichokunywa. Kwa aliyezidi miaka 65, ikiwa zaidi ya theluthi moja ya mkojo wa saa 24 hutoka usiku, ukiwemo ule wa kwanza wa alfajiri, daktari atatazama kwingine: moyo, miguu inayovimba jioni, chumvi nyingi, chai ya usiku, au kukoroma kunakokatizwa na pumzi kusimama. Dawa ya tezi haitamsaidia sana mtu huyu. Kuinua miguu alasiri, au daktari kumbadilishia saa ya kumeza kidonge cha presha kinachokojoza, kunaweza kumrudishia usingizi.

Hospitalini kuna pia maswali saba ya kupima uzito wa dalili, yanayotumika duniani kote, yenye jumla ya alama 35. Alama 0 hadi 7 ni dalili nyepesi, 8 hadi 19 za wastani, 20 na kuendelea ni nzito. Kwa wasiosoma, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini, walibuni picha za mtu anayekojoa: mgonjwa huonyesha tu mkondo unaofanana na wake. Zinastahili kuwa katika kila zahanati yetu.

Kisha hufuata kipimo cha mkojo, cha figo na cha kidole kupitia njia ya haja kubwa. Kidole huchukua sekunde chache, na huweza kugundua uvimbe mgumu wa saratani, aibu isikukimbize. Ultrasaundi baada ya kukojoa huonyesha kiasi kilichobaki. Kipimo cha damu cha PSA, protini inayotoka kwenye tezi dume, kisifanywe wakati mkojo una maambukizi au mara tu baada ya kuwekewa mpira, kwani hupanda bila saratani.

Mwenye dalili nyepesi anaweza kufuatiliwa tu. Dawa iitwayo tamsulosin hulegeza misuli ya shingo ya kibofu ndani ya siku chache, ingawa inaweza kuleta kizunguzungu na kupunguza shahawa. Finasteride hupunguza tezi iliyokua, lakini inahitaji miezi sita hivi, na hushusha PSA karibu nusu. Kila daktari anayekupima aambiwe unaitumia. Upasuaji wa kupitia mrijani huogopwa kwa ajili ya nguvu za kiume. Kinachobadilika mara nyingi ni shahawa kurudi kibofuni. Uwezo wa kusimamisha kwa wengi hubaki.

Damu kwenye mkojo, homa au kushindwa kabisa kukojoa si mambo ya kusubiri. Na mzee aliyeanza kulowesha kitanda usiku, wakati mchana hana maumivu, msimfiche chumbani mkadhani ni uzee. Huenda kibofu kimejaa hadi kinamwagika, na shinikizo linaumiza figo kimyakimya. Apelekwe wiki hiyohiyo apimwe figo na ultrasaundi.