Kuunganisha Mikabala ya Kufikiri katika Usanifu wa Utafiti: Mfano wa Upatanisho wa Nomino za Viumbe Hai

1.0 Utangulizi

Katika mapendekezo ya utafiti, ni kawaida mtafiti kutamka kwamba ataanza na nadharia na kuipima kwa data (dedaksheni), au ataanza na data na kujenga jumuisho (indaksheni). Makala haya yanaonesha kwamba swali moja la isimu huweza kuhitaji mikabala yote miwili, pamoja na wa tatu ambao mwanafalsafa wa Marekani, Charles Sanders Peirce, aliuita abdaksheni: kubuni maelezo yanayofaa kwa jambo lisilotarajiwa.

2.0 Mfano wa Upatanisho

Tuchukue dhana kwamba kiambishi cha nomino ndicho kinachotawala upatanisho. Kwa dedaksheni, ‘kiboko’ itarajiwe kuchukua ‘ki-’. Ndivyo ilivyo kwa kiboko cha kuchapia: ‘kiboko kimekatika’. Hata hivyo, kwa mnyama, Kiswahili Sanifu husema ‘kiboko amelala’. Dhana inarekebishwa: uhai wa kirejelewa hushinda umbo la nomino.

Dhana hii nayo inakutana na ‘rafiki yangu amefika’. Kitenzi kinafuata ngeli ya A-WA, ilhali kimilikishi kinafuata I-ZI. Kwa indaksheni, mtafiti anakusanya ‘baba yangu’, ‘dada yangu’ na ‘shangazi yangu’ kwa upande mmoja, na ‘mbwa wangu’ na ‘daktari wangu’ kwa upande wa pili. Ruwaza inaonekana, lakini sababu yake bado. Abdaksheni inapendekeza sababu: huenda nomino za udugu na usuhuba ndizo zinazoruhusu ‘yangu’.

Pendekezo hilo likirudishwa kwenye dedaksheni, linatabiri ‘mtoto yangu’ na ‘mke yangu’, miundo isiyokubalika katika Kiswahili Sanifu. Hivyo linabanwa zaidi: nomino ya uhusiano isiyo na kiambishi ‘m-’ ndiyo ichukuayo ‘yangu’. Lakini ‘bwana’, kwa maana ya mume, haina kiambishi hicho, na bado husemwa ‘bwana wangu’. Je, ni athari ya maana ya mamlaka iliyomo katika neno hilo, au ni mazoea ya neno moja tu? Swali hilo linadai data mpya.

3.0 Athari kwa Usanifu wa Utafiti

Kila hatua inahitaji ushahidi wake. Mkusanyo wa matini huonesha ruwaza na marudio yake, lakini kutokuwepo kwa muundo humo si uthibitisho kwamba haukubaliki. Hapo huhitajika maamuzi ya wazungumzaji. Aidha, data iliyozaa dhana haitoshi kuithibitisha dhana hiyohiyo.

Mtafiti aliyejifunga kwa mkabala mmoja hushawishika kuiacha ‘bwana wangu’ nje ya sampuli ili jumuisho lake lisimame. Sura ya methodolojia haina budi kueleza ni lini dhana ilibadilishwa, ni data ipi iliyolazimisha badiliko hilo, na ni data ipi nyingine iliyotumika kuipima upya.